Chungu Hakina Bei Mbili

Mbugani, Kyela
Jumanne, 14 Novemba 2006

Kwa dada yangu Tusekile, Karonga.

Mwagonile, dada. Umeamkaje, na watoto wameamkaje? Shemeji Oscar naye, moyo wake unaendeleaje tangu mmalize matanga ya mama yake? Sisi hapa Mbugani tumeamka na uhai, tunamshukuru Mungu. Baba Prisca anahangaika na kokoa yake, mwaka huu imeoza mtini hadi anawanunia watoto wake. Prisca ameng'oka meno ya mbele na bado anataka kula mahindi ya kuchoma. Mama kule Ikombe ni mzima, anafinyanga, anakula vizuri, anagombana na mbuzi wa jirani kama kawaida yake. Nimesema anakula vizuri kwa makusudi, maana swali lako nimelipata.

Nsajigwa, yule dereva wa fuso anayevuka Kasumulu kila wiki, alinifikishia maneno yako yote. Unauliza kwa nini mama alikuja matangani kwenu, akakaa mkekani, akaletewa chakula, hakukigusa, kisha akaaga jua likiwa bado kali. Unasema mawifi zako wanapita wakisema kwamba Mama Keziya anawadharau, kwamba wali wa ukweni umemnukia vibaya. Unasema shemeji hajasema kitu, na huko kunyamaza kwake ndiko kunakokukosesha usingizi. Kwenye simu nilikujibu kwamba mama aliumwa tumbo. Dada, halikuwa tumbo. Nitakueleza yote, ila sina budi kuanzia mbali, na uniwie radhi kama mwandiko utakushinda, maana ninaandika nimechemka. Kalamu imeshatoboa karatasi.

Unazikumbuka Jumamosi za gulio la Matema tulipokuwa wasichana. Mama na wenzake wanafika na mitumbwi kutoka Ikombe, wanashusha vyungu, wanavipanga mchangani. Na Kenani yupo, amekaa juu ya gunia lake, anakunywa chai, hana haraka. Wanunuzi wengine walikuwa wa chungu kimoja kimoja, Kenani ndiye aliyekuwa na gari na duka mjini. Alijua kwamba mwera ukianza kuvuma mchana, hakuna mwanamke atakayethubutu kurudisha vyungu Ikombe ndani ya mtumbwi. Kwa hiyo alisubiri. Ziwa likishachafuka ndipo anainuka, anajipangusa suruali, anataja bei, na bei yake ndiyo bei. Wewe ulikuwa unalia. Mimi nilikuwa namtukana kimoyomoyo.

Sasa, nilipofungua kale kachumba kangu ka kompyuta na fotokopi hapa Mbugani, nikawaambia akina mama wa kikundi cha ufinyanzi kwamba tupige picha vyungu tuviweke kwenye mtandao. Wewe mambo haya huyafuatilii, kwa hiyo nikueleze. Kwenye mtandao kila duka lina jina lake, na mtu akiliandika jina hilo akiwa Dar au Lusaka anaingia dukani kwako moja kwa moja, hapiti kwa Kenani. Lakini jina hilo hulinunui likawa lako milele. Unalilipia kila mwaka, kama chumba cha kupanga, na usipolilipia mwingine analichukua, na wateja wako wote wakiliandika wanaingia kwake. Sisi tukachukua vyungu vya Ikombe, dot com. Mama aliuliza inakuwaje mtu wa Ikombe alipie neno Ikombe. Nilicheka sana siku ile.

Aliyetuuzia ni bwana mmoja wa Mbeya anayeitwa Ambrose. Shati limenyooshwa, sauti ya kuimbia kwaya. Alitutoza elfu thelathini kwa mwaka, akasema ndiyo bei ya kila mtu, na jina akaliandikisha kwa ofisi yake. Alisema huo ni utaratibu tu, nisiwe na wasiwasi. Nami sikuwa na wasiwasi, mjinga mimi.

Dada, lile jina lilitutoa gizani. Ikaja hoteli ya Dar, likaja duka la Arusha, akaja mama mmoja wa Lusaka anayetaka vyungu vya maua. Akina mama wakawa wanafika Matema na vyungu ambavyo vina wenyewe tayari, vinapakiwa garini, kwisha. Kenani akabaki na gunia lake. Mama alikuwa anamsalimia kwa adabu zote, anamuuliza habari za nyumbani, halafu anampita. Yale mabati uliyoyaona kwake, na ada ya sekondari ya watoto wa marehemu mjomba, vyote vimetoka kwenye jina hilo.

Sasa sikia ujinga wetu, maana ni ujinga wa kwetu hasa. Mwezi wa sita Ambrose alinipigia simu kwamba anatembelea wateja wake, anaomba kufika Ikombe. Wenzetu wangejiuliza anatafuta nini. Sisi tukachinja. Akina mama walimfuata Matema kwa mtumbwi mpya wakiimba, wakamtandikia kitenge pa kukalia asilowe. Akapikiwa wali na mbasa mkubwa, akapewa kichwa cha samaki kama mkwe anayekuja mara ya kwanza. Halafu wakamzungusha. Hapa ni mabati mapya, hapa ni tanuri ya pili, huyu mtoto yuko sekondari, hawa ndio wateja wetu. Mama akamshika mkono akamwambia kwamba bila jina alilowapa wangekuwa bado wanamlilia Kenani ufukweni, na kwamba sasa wakilikosa wamekwisha. Unajua kwetu mgeni haonyeshwi njaa. Hata kama sufuria ni tupu, linafunikwa ili mgeni adhani kuna kitu. Basi Ambrose alionyeshwa shibe yetu yote, akaambiwa na mahali pa kutubana. Akashukuru, ndaga fijo, akapewa na chungu cha kwenda nacho kwa mkewe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua.

Mwezi wa tisa nikaenda Mbeya kulipia mwaka mwingine. Elfu thelathini mkononi. Ambrose akaniambia kwamba sasa jina letu ni laki nne na nusu.

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza kama ameongeza huduma. Akasema hapana. Nikamuuliza kama jina letu linakula umeme zaidi, au lina herufi za dhahabu. Akacheka kidogo. Akanieleza kwa upole, ule upole unaokufanya utamani kurusha kiti, kwamba majina hayalingani, kuna majina ya kawaida na majina ya daraja la juu, na letu limepanda daraja kwa sababu lina wateja wengi. Nikamwambia wateja hao tumewaleta sisi, kwa udongo wetu, yeye hajawahi hata kubeba kuni. Akasema enzi za bei za serikali zimepita, dada, hili ni soko huria, kitu kinauzwa kwa kadiri kinavyohitajiwa. Soko huria! Huria kwa nani? Sukari ikipanda duka hili naenda duka la pili. Jina nitaenda nalo wapi, wakati wateja wote wamekariri hilo hilo? Nikamwambia basi tunalihamishia kwa wakala mwingine. Akanikumbusha kwamba limeandikwa kwa ofisi yake, na namba ya siri ya kulihamisha anayo yeye, na kwamba isitoshe kuna mteja mwingine analisubiri. Nilipaza sauti mpaka watu wa ofisi ya jirani wakachungulia. Askari wa mlangoni akanishika kiwiko akaniteremsha ngazi. Mimi, mama wa watu, nateremshwa ngazi mchana kweupe!

Mteja anayesubiri ni nani? Huhitaji kupiga ramli. Kenani mwenyewe alikuja kachumbani kwangu kutoa fotokopi ya leseni, akanisimulia huku anacheka, maana mtu anayeshinda haoni sababu ya kuficha. Naye ana jina lake kwa Ambrose, vyungu vya Matema, na analipia elfu thelathini zilezile, tena mwaka huu amepunguziwa. Alipokwenda Mbeya aliacha pikapu stendi, akavaa kandambili zilizokatika, akamwambia Ambrose kwamba biashara imekufa, na kwamba Dar kuna mtu anauza majina kwa bei ya chini, huenda akahamia huko. Ambrose akamwogopa. Akamwahidi kwamba akina mama wa Ikombe wakishindwa, jina lao atalipata kwa bei ya kawaida. Jina lilelile, dada! Ofisi ileile, kompyuta ileile. Kwetu laki nne na nusu, kwa Kenani elfu thelathini, kwa sababu Kenani ana pa kwenda na sisi tulimwambia kwa mdomo wetu kwamba hatuna. Hapo anayeshinda si mwenye chungu kizuri. Anayeshinda ni aliyejua kuficha mabati yake.

Nilivuka Ikombe kumweleza mama. Aliniuliza jambo moja tu, kama Ambrose ameongeza chochote ndani. Unamjua mama. Kwake bei ya chungu ni kile kinachokijaza. Alilelewa na bibi, na bibi alikuwa anavusha vyungu kwa watu wa bondeni, chungu kinajazwa mpunga hadi mdomoni, mpunga unabaki kwa bibi na chungu kwa mnunuzi. Aje mke wa chifu, aje mjane, mdomo wa chungu ni uleule. Hata sasa tunapouza kwa shilingi kikundi kimeshika sheria hiyo, chungu hakina bei mbili. Wapo waliotaka tuiache siku hizi, na mama aliwafokea.

Tukaomba muda. Ambrose akatupa hadi Ijumaa hii, tarehe kumi na saba. Akina mama wakaanza kuchanga, mwenye kuku akauza kuku, lakini nilikuwa napiga hesabu naona hatufiki. Usiku nilikuwa silali. Na hapa, dada, ndipo pale ulipopauliza.

Kuwajibu wateja kwenye mtandao ni kazi yangu peke yangu, akina mama hawaoni ninachoandika. Nikaanza kumtazama mtu kabla sijataja bei. Hoteli ya Dar ilisema ina wageni wa mkutano, nikaongeza kidogo. Hawakuuliza. Mama wa Lusaka aliandika kwamba hakuna kwingine anapopata vyungu vya namna hii, nikaongeza zaidi. Akashukuru. Ni rahisi ajabu, dada. Unasoma barua ya mtu, unatafuta mahali anapouma, unapaminya hapo hapo. Niliona nafanya vyema. Nilisema hela hizi si zangu, ni za kuwaokoa akina mama, na dhambi ni ya Ambrose.

Kisha mwezi uliopita ikaja barua pepe kutoka Blantyre, kwa Kiingereza kizuri, imetoka kwa bwana mmoja anayejiita Jubilate. Anataka vyungu vikubwa vya kupikia, vingi, vichukuliwe mpakani kwa gari lao. Alisema ni shughuli ya familia, marehemu aliomba apikiwe katika vyungu vya udongo kama zamani, na siku imeshatangazwa, haiwezi kusogezwa. Sikumuuliza ni marehemu gani. Sikumuuliza ni familia gani. Nilisoma kwamba siku haiwezi kusogezwa, nikamwandikia mara tatu ya bei. Alilipa bila neno, na zile hela ndizo zilizotufikisha kwenye laki nne na nusu ya Ambrose.

Tulipofika kwenu siku ile mama ndiye aliyeviona kwanza. Vimepangwa mafigani, wali unatokota, na shingoni vina ile mistari anayoichora yeye kwa ganda la konokono. Alinibana mkono kwa furaha. Alidhani ni wewe uliyeagiza kwa siri ili kumheshimisha mbele ya wakwe. Mimi nilipoviona, niliinama nikajifanya nafunga kiatu. Nilijiambia huenda bei haitatajwa. Halafu akasimama yule mtoto wa kaka yake shemeji, bwana mwenye tai, kusoma shukrani na michango. Ndipo nikasikia jina lake ni Jubilate. Akasema bibi aliomba vyungu vya ziwani kwa wakwe zake, na familia haikutazama gharama. Akataja bei ya chungu kimoja, watu wakaguna. Akasema Oscar aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili mama yake atimiziwe neno la mwisho, na watu wakapiga makofi.

Mama hakupiga makofi. Aligeuka akanitazama, dada, na sikuweza kumrudishia macho. Chakula kikaletwa. Nilimwona ananawa, anatazama ule wali uliopikwa ndani ya chungu chake mwenyewe, halafu anajifuta mikono kwenye kanga bila kumega. Hakuwadharau. Aliona akila anakula ng'ombe wa mkwe wake mara ya pili.

Tukavuka Kasumulu, tukafika Matema. Tulipoingia mtumbwini ndipo akafungua kinywa. Alisema kwamba siku zote alidhani Ambrose ana ofisi moja, ya Mbeya, kumbe ana nyingine Mbugani. Akasema hela ya Oscar irudi, na wengine niliowazidishia wapelekewe vyungu vya nyongeza. Nami nikamjibu vibaya, Mungu anisamehe. Nilimwambia kwamba hela hiyo ikirudi jina linaanguka, na jina likianguka Kenani atavaa viatu vyake vizuri siku hiyohiyo, na heshima hailipi ada ya shule. Nilipiga kelele katikati ya ziwa hadi mpiga kasia akaacha kupiga. Mama alisubiri nimalize. Akasema Kenani anamjua tangu ujana, na angalau Kenani si mtoto wa tumbo lake.

Basi ndiyo hivyo. Katika bahasha ya pili aliyokuja nayo Nsajigwa kuna hela yote niliyomzidishia shemeji. Mpe mbele ya mawifi zako, usimpe chumbani. Waambie Mama Keziya hakumdharau mtu, aliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa yake. Uwatajie jina langu. Kama yule ng'ombe bado yupo kwa aliyemnunua, shemeji amkimbilie. Kama ameshachinjwa, sina la kusema.

Ijumaa jina letu linaanguka. Nimewapa wateja namba yangu ya simu, lakini yule wa hoteli amejibu kwamba wao wananunua kupitia tovuti, hawana muda wa kupiga simu. Jumamosi nitakuwa Matema mchangani na mama, tukisikiliza mwera. Nasikia Kenani amenunua gunia jipya la kukalia. Usidhani hasira yangu kwa Ambrose imepungua, dada. Imezidi, kwa sababu alinifundisha kazi yake bila kujua na mimi nikaiweza kwa wiki chache. Nikikutana naye barabarani sitamsalimia, na wewe unajua kwetu maana yake. Ila usiku nikimlaani, laana yenyewe inasita, haijui igonge mlango upi.

Nisalimie shemeji kama atakubali salamu zangu, nibusie watoto, na mjulie hali yule mama jirani yako aliyetupa maji ya kunywa. Baba Prisca anawasalimu, Prisca anasema mje na samaki. Mama anakusalimu sana, anasema mvua zikitulia atakuja kwenu tena, na safari hii atakula.

Nijibu kupitia kwa Nsajigwa. Na ukinijibu, usinionee huruma kwa kuwa mimi ni mdogo wako. Nitukane kwa bei ileile ambayo ungemtukana Ambrose, usinipunguzie hata senti.

Ni mimi mdogo wako,
Hosiana